Ndege ikiwa chini, taa zake zinasema na nani

Kazi yangu ya kwanza kwenye uwanja wa ndege ilikuwa kubeba kabari. Ndege ikishaingia kwenye maegesho na kusimama, mimi na mwenzangu tunakwenda kuzibana tairi zake zisiserereke. Usiku wangu wa kwanza nilichomoka mara tu nilipoona magurudumu yametulia. Mzee aliyekuwa msimamizi wa zamu akanidaka kizibao kwa nyuma, akanivuta mpaka nikayumba.

"Mwanangu, umeona imesimama. Taa umeiona?"

Chini ya tumbo la ndege taa nyekundu ilikuwa bado inapiga. Inawaka, inazima, inawaka. Tukasubiri. Mvumo wa injini ukaanza kushuka, ukawa mluzi, mluzi nao ukafifia. Halafu ile nyekundu ikazima, haikurudi tena.

"Haya, sasa nenda."

Watu wengi wakiitazama ndege usiku hudhani taa zake ni kama za gari, yaani zimewekwa ili dereva aone mbele. Zipo za namna hiyo, lakini ni chache. Rubani akiwa kwenye kiti chake haioni taa nyekundu ya chini ya tumbo wala ile nyeupe ya mkiani. Taa hizo hazimwonyeshi yeye kitu. Zimewekwa kwa ajili ya sisi wengine: mbeba kabari, dereva wa trekta ya kusukumia ndege, rubani wa ndege iliyo nyuma kwenye foleni, mwongozaji aliyeko mnarani, na yule ambaye bado yuko angani kilomita kadhaa huko nyuma, anakuja kutua hapo hapo ulipo. Ndiyo maana swali la lini uwashe taa ipi ukiwa chini halijibiki kwa kusema usiku washa, mchana zima. Kila swichi ina msomaji wake, na msomaji huyo akiiona taa kuna jambo analiamua.

Aliyesafiri usiku kwenye barabara ya Morogoro atanielewa upesi. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia ilhali hakuna pa kukatia, dereva anakuambia usinipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Watu wameweka roho zao juu ya lugha hiyo kwa miaka mingi. Ndege nazo zina lugha ya namna hiyo, ila yao kwa sehemu kubwa imeandikwa.

Msingi wake uko kwenye Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho ndicho kanuni za anga za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na nchi zetu za Afrika Mashariki zimejenga kanuni zao juu yake. Kinasema kwamba kuanzia machweo mpaka macheo, ndege inayotembea uwanjani iwashe taa zinazoonyesha imeelekea wapi. Ionyeshe pia mwisho wa umbo lake, isipokuwa ikiwa imesimama mahali penye mwanga wa kutosha. Iwe na taa za kuvuta macho. Na injini zikiwa zinaunguruma, iwe na taa inayosema hivyo. Kule Marekani mamlaka ya anga, FAA, imeandika mwongozo unaokwenda hatua kwa hatua, na mashirika mengi duniani yana taratibu zinazofanana nao. Ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye hayo mawili. Rubani mwenyewe atafuata kwanza kitabu cha shirika lake na cha aina ya ndege anayorusha.

Hapo kwenye neno machweo kuna jambo linalotuhusu sisi wa karibu na ikweta. Vitabu vingi vya urubani vimeandikwa kwenye nchi ambazo jua likizama mwanga unabaki hewani muda mrefu. Kwetu giza halina subira. Jua likishagusa upeo pale Dar es Salaam, una kama dakika 20 hivi za kuona vizuri, kisha basi. Rubani wa ndege ndogo ya Cessna Caravan aliyetoka Mafia alasiri anaweza kugusa ardhi mwanga ungalipo na kufika maegeshoni gizani. Akisubiri mpaka yeye mwenyewe ahisi kiza ndipo awashe, amechelewa, kwa sababu aliye mbali naye alishaacha kumwona muda.

Taa zinazowaka muda mrefu kuliko zote ni zile za ncha za mbawa na mkia. Bawa la kushoto nyekundu, la kulia kijani, nyuma nyeupe. Aliyepanda boti ya Dar kwenda Zanzibar jioni ameshaziona rangi hizo, maana ndege zilizirithi kutoka kwenye meli, ambazo zilianza kuzitumia katikati ya karne ya 19. Nyekundu inaonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 110 upande wa kushoto, kijani hivyo hivyo upande wa kulia, na nyeupe inafunika nyuzi 140 zilizobaki nyuma. Kwa mpango huo, ukiona nyekundu iko mkono wako wa kulia na kijani mkono wa kushoto, ndege imekuelekea uso kwa uso. Ukiona nyeupe peke yake, imekupa mgongo. Uwanjani zina faida nyingine, nayo ni upana. Dereva wa gari la mizigo anayepita gizani hawezi kukadiria bawa linaishia wapi bila zile nukta mbili. Mashirika mengi huziacha zikiwaka muda wote ndege ikiwa na umeme na watu ndani, kwa hiyo sisi wa chini tulizoea kuzisoma kama ishara kwamba humo ndani kuna mtu anayegusa swichi.

Lakini taa ambayo ningependa kila anayefanya kazi maegeshoni aijue hata usingizini ni ile nyekundu ya mzee wangu. Marubani wanaiita bikoni. Kwenye ndege kubwa huwa moja juu ya mgongo na nyingine chini ya tumbo. Kwenye ndege ndogo mara nyingi iko moja tu, juu ya mkia. Inawaka na kuzima kati ya mara 40 na 100 kwa dakika. Maana yake ni fupi: injini zinawaka, au zinakaribia kuwashwa. Inawashwa kabla injini haijaanza kuzunguka. Inazimwa baada ya injini kupoteza mizunguko, maana kukata mafuta peke yake hakuisimamishi injini hapo hapo. Hiyo nafasi ya sekunde kadhaa katikati ndiyo inayoua. Injini ya ndege ya abiria hata ikiwa kwenye nguvu ya chini kabisa inavuta hewa kwa kiasi cha kumnyanyua mtu mzima aliyeisogelea kwa mbele. Pangaboi nalo likiwa kasi halionekani kabisa. Usiku ni kama halipo. Pale Zanzibar na kwenye viwanja vidogo vya visiwani na mbugani, ambako abiria wanatembea kwa miguu hadi kwenye Caravan, taa hiyo moja ya juu ya mkia ndiyo inayomwambia mhudumu kama aachie watu watoke kwenye jengo au awazuie.

Bikoni haifuati mchana wala usiku. Saa sita mchana, jua la utosi, inawashwa vile vile, kwa kuwa injini inayovuta mchana inavuta sawa na ya usiku.

Tarehe 31 Desemba 2022, kwenye uwanja wa Montgomery jimbo la Alabama nchini Marekani, mhudumu wa maegeshoni alivutwa na injini ya ndege ya abiria aina ya Embraer 175 akafa. Ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme ndege ikiwa imesimama ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo marubani waliacha injini zote mbili zikiunguruma kwa dakika 2 za kuzipooza, huku wakisubiri waya wa umeme kutoka nje. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, waliandika katika ripoti yao ya awali kwamba wahudumu walikuwa wameshakaa kikao cha tahadhari kabla ndege haijafika, kisha wakakumbushana tena: asisogee mtu mpaka injini zizimwe, zipoe mizunguko, na taa nyekundu izimike. Picha za kamera zilionyesha bikoni ya juu ikiendelea kuwaka muda wote wa tukio.

Nimeifikiria ajali hiyo mara nyingi. Taa ilisema kweli. Na watu walikuwa wameambiwa, mara mbili, ndani ya muda mfupi. Kinachonikaa moyoni ni kwamba anayefanya kazi maegeshoni anaziona taa hizi mamia ya mara kwa wiki, na jicho la binadamu likizoea kitu huacha kukiona. Kwa hiyo nina ugomvi wa dhati na rubani anayesahau bikoni ikiwaka dakika 10 baada ya injini kunyamaza. Anaona ni kosa dogo, taa tu, halimwumizi mtu. Lakini siku hiyo amewafundisha vijana watatu kwamba bikoni ikiwaka unaweza kusogea na usidhurike. Somo hilo watakwenda nalo kwenye ndege nyingine, ya rubani mwingine.

Ndege ikishawasha injini na kuachana na trekta, inaanza kile marubani wanachokiita kuteksi, yaani kutembea chini kwa nguvu ya injini zake. Hapa ndipo inapowashwa taa ya mbele, mara nyingi iliyofungwa kwenye mguu wa pua. Hii kidogo ni kama ya gari, kwa sababu inammulikia rubani njia. Lakini hata yenyewe ina ujumbe, na ujumbe wake ndio ninaoupenda zaidi kwa urahisi wake: ikiwaka, natembea au niko tayari kutembea, ikizimwa, nimesimama, nakupisha wewe. Mwongozo wa FAA unasema hivyo waziwazi. Ndege mbili zikikutana kwenye makutano ya barabara za viungio, zile zinazounganisha maegesho na njia ya kurukia, moja ikizima taa ya mbele, nyingine inajua ipite, ingawa neno la kupita bado ni la mwongozaji wa mnarani. Ni ile ile ya madereva wetu wa usiku: anayekupisha anapunguza taa.

Upande wa pili wa taa hiyo ni ukali wake. Jicho linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa sekunde moja unalirudisha mwanzo. Taa za kutulia, yaani zile za kummulikia rubani anapotua, zina nguvu kubwa zaidi. Balbu za zamani za ndege kubwa zilikuwa za wati 600 kila moja, zimekusanywa kwenye miale myembamba, na mwanga wao unafika mamia ya maelfu ya kandela, kipimo cha ukali wa mwanga. Mtu aliyesimama mbele ya ndege na vijiti vya mwanga mkononi, anayemwelekeza rubani aje, asimame, akate injini, anahitaji kuona bawa la kushoto liko umbali gani na ngazi ya kushushia abiria. Rubani anayeingia maegeshoni na taa zote anamfanya mtu huyo kipofu dakika ile ile anayomtegemea.

Yalinikuta mwenyewe. Ndege iligeuka kuja kwangu na taa zote zikiwa zimeachwa ful. Nikainua vijiti, na kutoka hapo sikuona tena kitu isipokuwa weupe. Nilijua kuna gari la mizigo upande wangu wa kulia, lakini sikujua bawa limelikaribia kiasi gani. Nikavuka vijiti juu ya kichwa, ishara ya kusimama, nikabaki nimevivusha hivyo hivyo huku machozi yananitoka. Ilisimama. Mwenzangu aliyekuwa kwenye ncha ya bawa alikuja kunionyesha nafasi iliyobaki kwa mikono yake miwili, kama mtu anayeonyesha urefu wa samaki. Alikuwa samaki mdogo.

Ndiyo maana utaratibu mzuri ni kuzima taa ya mbele ndege inapogeuka kuingia sehemu yake, mara tu rubani anapomwona anayempokea. Kanuni ya ICAO yenyewe inampa ruhusa rubani kuzima au kupunguza taa za kumetameta ikiwa zinamsumbua kazini au zinaweza kumdhuru kwa mwanga mtu aliye nje. Kipengele hicho kinastahili kusomwa vizuri, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba taa nyingi siku zote ni usalama zaidi.

Taa za kumetameta zinazotajwa hapo hasa ni zile nyeupe za ncha za mbawa, strobu, zinazopiga kama radi. Zimetengenezwa zionekane kutoka mbali sana angani. Ukiwa kwenye foleni usiku, nyuma ya ndege iliyoziacha zikipiga, kila mpigo unakufutia macho. Kwa hiyo kwenye barabara za viungio na maegeshoni huwa zimezimwa. Ila kuna mstari mmoja ambao ukiuvuka hesabu inageuka kabisa, nao ni mstari wa kuingia njia ya kurukia.

Los Angeles, tarehe 1 Februari 1991, jioni giza limeshaingia. Ndege ndogo ya abiria aina ya Metroliner, ya shirika la SkyWest, yenye watu 12, iliambiwa iingie kwenye njia ya kurukia iitwayo 24 Kushoto kupitia makutano yaliyoitwa 45, isimame hapo, isubiri ruhusa ya kuruka. Mwongozaji alikuwa na kazi nyingi, akaichanganya na ndege nyingine iliyofanana nayo iliyokuwa bado kwenye barabara ya kiungio, akasahau kwamba hii iko katikati ya njia. Akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue. Marubani wa Boeing walitazama njia mbele yao yote, wakaona taa za njia, basi. Waliiona Metroliner pale pua yao ilipokuwa inashuka baada ya magurudumu ya nyuma kugusa lami. Watu 35 walikufa, wakiwemo wote 12 wa ile ndogo.

Unaweza kuuliza ndege nzima inawezaje kutoonekana ikiwa imekaa katikati ya njia. Jiweke kwenye kiti cha yule anayetua. Mbele yako kuna mamia ya nukta nyeupe: za kingo, na za mstari wa katikati. Ndege iliyokupa mgongo inakuonyesha nini? Nukta moja nyeupe ya mkiani, na bikoni moja nyekundu kwenye uwanja uliojaa taa za kila rangi. Imekaa juu ya mstari wa katikati kabisa, kama rubani alivyofundishwa kuwa ndiyo nadhifu. Haisogei. Na wewe unaielekea moja kwa moja, kwa hiyo hata kwenye kioo chako haisogei. Jicho linanasa kinachotembea na kinachobadilika. Hapo hakuna kilichobadilika. Strobu za Metroliner zilikuwepo, lakini utaratibu wa shirika lake ulikuwa kuziwasha ruhusa ya kuruka ikishatolewa, na kanuni za wakati ule hazikudai zaidi. Ruhusa haikutolewa kamwe. Mwongozaji naye hakusaidiwa na macho: mwanga wa taa za majengo ya abiria ulikuwa unampiga usoni kila alipotazama upande wa makutano yale.

Hapo utaona jinsi taratibu ya kuheshimu macho ya wengine, ambayo maegeshoni ni sahihi kabisa, ilivyobebwa hatua chache mbele na kugeuka kuwa kificho. Wale marubani wawili wa Metroliner walifanya walivyofundishwa. Msomaji wao alikuwa amebadilika: hakuwa tena aliye mita 40 nyuma yao kwenye foleni, alikuwa yuko hewani, mbali, na alihitaji kupigwa macho kwa nguvu zote.

Leo mafundisho ni kwamba ukiingia njia yoyote ya kurukia, iwe unaitumia au unaivuka tu kwenda upande wa pili, strobu ziwe zimeshawashwa. Ukivuka, washa kila ulichonacho, hata za kutulia, kwa sababu utakuwa umeikata njia kwa ubavu na hutakaa muda mrefu. Haijalishi kwamba ni saa nne asubuhi na mnara umesema njia iko wazi.

Ukiambiwa ujipange kwenye njia ya kurukia na usubiri, FAA inashauri uwashe zote isipokuwa za kutulia. Hizo ziache mpaka upewe ruhusa ya kuruka na uanze mbio. Mara ya kwanza nilipousikia ushauri huo nilidhani umekosewa. Kama unaogopa kutoonekana, mbona ubakize taa zenye nguvu kuliko zote? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, taa za kutulia zinamulika mbele, na tishio lako ukiwa umejipanga liko nyuma. Hazimsaidii sana anayekuja mgongoni. Pili, zikitunzwa kwa ajili ya kuondoka zinakuwa na maana yake pekee. Mwongozaji mnarani, au rubani anayetaka kuvuka njia kule mbele, akiziona zimewaka anajua hii imeanza kuja. Wapo wanaofuata utaratibu tofauti na kuwasha zote tangu mwanzo, na sitawaita wakosaji, lakini mimi naona wamepoteza neno moja lenye thamani.

Kuna na jambo dogo zaidi, ambalo FAA imeliandika na ninatamani lingefundishwa kila mahali. Ukisubiri usiku kwenye njia ya kurukia, kaa pembeni kidogo ya mstari wa katikati, kama mita 1 hivi. Taa yako ya mkiani haitakuwa tena moja ya shanga kwenye uzi wa taa za lami. Itakuwa shanga iliyotoka nje ya uzi, na jicho la anayetua litaikamata.

Tatizo lenyewe halijaisha. Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda jijini Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani wa Japani aina ya Dash 8, iliyokuwa inapeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Noto, iliingia njia ya kurukia rubani wake akiamini ameruhusiwa, ikakaa humo kama sekunde 40. Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu wote 379 wa Airbus walitoka wazima. Kati ya 6 wa Dash 8, 5 walikufa. Marubani wa Airbus hawakuiona kwa wakati. Miaka 33 baada ya Los Angeles, jicho ni lile lile na nukta nyeupe ni zile zile. Taa ni ngazi moja ya ulinzi. Mawasiliano ya redio, taa nyekundu za kuzuia zilizopachikwa kwenye lami ya makutano, na mitambo ya kuwatahadharisha waongozaji ni ngazi nyingine, na inatakiwa zote ziwe zimesimama.

Ukungu nao una sheria zake. Asubuhi za Songwe, au zile za Nairobi ambapo wingu linakaa chini, strobu zinapiga kwenye matone ya maji na kurudi machoni mwa aliyeziwasha, na taa kali za mbele zinajenga ukuta mweupe. Hapo kuzizima wakati wa kuteksi ni busara na kanuni inaruhusu. Lakini usije ukadhani kwamba ndani ya ukungu hakuna anayeona chochote. Kisiwani Tenerife, Hispania, mwaka 1977, kwenye ajali iliyoua watu 583, marubani wa Boeing 747 ya Pan Am waliziona taa za ile ya KLM zikiwajia ndani ya ukungu, wakajaribu kugeuza watoke njiani. Muda ulikuwa mchache mno. Lakini kilichowafikia kwanza kutoka kwenye ndege ile kilikuwa taa zake.

Baada ya kutua mambo ni mepesi, kinyume cha yale ya kwenda. Ukiwa bado ndani ya njia acha kila kitu kikiwaka. Ukishatoka wote, mkia ukiwemo, nje ya mstari wa kusubiria, zima strobu na za kutulia, baki na ya mbele, na ukifika maegeshoni mkumbuke mtu wa vijiti. Hatari pekee hapa ni haraka. Rubani anayeanza kuzima swichi pua ikiwa imetoka na mkia uko bado ndani amejificha mapema.

Na ikitokea redio imekufa? Hapo taa zinakuwa mazungumzo kamili. Mwongozaji atakuelekezea taa ya mkononi kutoka mnarani. Kijani kinachopepesa ni ruhusa ya kuteksi, kijani kilichotulia ni ruhusa ya kuruka. Nyekundu iliyotulia, simama. Nyekundu inayopepesa, toka kwenye eneo la kutulia. Nyeupe inayopepesa, rudi ulikoanzia. Mchana unajibu kwa kuchezesha vibawa vya ukingo wa bawa au usukani wa mkia, na mwongozaji mwenye darubini atakuona. Usiku unawasha na kuzima taa za kutulia mara mbili. Kama ndege yako haina taa hizo, unatumia zile za ncha za mbawa: nyekundu na kijani, zima, washa, zima, washa, halafu unamtazama tena yule wa mnarani uone kama ameelewa.